Kuku Aliyelala Akingoja Wakwe

Mimi ndiye niliyemwaga kuku wa wakwe. Nasema mapema, kwa sababu hapa Kawangware habari hiyo imezunguka ploti hadi ploti, na kila mlangoni imevishwa nguo mpya. Wapo wanaosema nilikuwa nimelewa. Wapo wanaosema sikutaka dada yangu aolewe na Mjaluo. Uongo mtupu. Sikuwa nimelewa, na Nashon alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji yangu. Leo nikipewa sufuria ile tena, nitaimwaga tena.

Dada yangu anaitwa Joan. Nashon ni seremala kule Kibera, na alilelewa na nyanya yake, ambaye wote tunamwita Dani, kama Wajaluo wanavyowaita nyanya zao. Mwaka ule wa mafuriko, mwezi wa nne, jamaa zake Nashon walikubali kuja kwetu kuanza mazungumzo ya mahari. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo baba mdogo Khamala ndiye angeketi mahali pake. Lakini siku yenyewe ilikuwa ya Mama. Tangu awe mjane alikuwa amesikia maneno ya watu wa nyumbani, kwamba nyumba isiyo na mzee haiwezi kupokea wakwe ikapendeza. Alitaka wapate jibu lao mezani.

Kwetu, kuku wa wakwe si kitoweo tu. Mama alitufundisha sheria zake tukiwa wadogo. Haonjwi jikoni. Hapunguzwi hata bawa. Viungo vyote hufika mbele ya mgeni, firigisi ikiwa juu, aione kwa macho yake. Kaka wa msichana ndiye hubeba sufuria na kuiweka mbele ya wageni. Na akishapikwa kwa jina la wakwe, kuku huyo hapewi mtu mwingine wala hamwagwi. Kumwaga ni kusema hatuwataki. Sikuwa na ugomvi na sheria hizo mpaka mvua ilipoingia kati.

Jumamosi Mama alichinja jogoo wawili wa kienyeji waliotumwa kwa basi na nyanya yetu kutoka Webuye. Kufikia adhuhuri kuku walikuwa wameiva, wali umekauka vizuri, na chumba cha jirani yetu Trizah, ambacho tuliazima kiwe jikoni, kilinukia mpaka watoto wa ploti wakakaa mlangoni kama walinzi. Tukangoja. Mvua iliyokuwa imenyesha usiku kucha ikaongeza nguvu. Stima ilikuwa imepotea tangu jana yake. Mara simu yangu ikalia.

"Kevo, huku ni mbaya," Nashon alisema. Nyuma yake nilisikia watu wakiitana na mabati yakigongana. "Maji imeingia kwa Dani. Imebeba kila kitu, hadi kitanda."

"Dani mwenyewe?"

"Tumemtoa. Ameloa na anatetemeka. Tunampeleka kwa kanisa moja upande wa Ayany, watu wengi wako huko. Ambia mathe pole sana. Tutakuja kesho, hata kama ni kwa miguu."

Nilipomwambia Mama, alimshukuru Mungu kwamba Dani yu hai. Halafu macho yake yakageuka, yakaitazama sufuria. Mimi nikayaona.

"Tule hii kuku leo," nikasema. "Bado ni moto. Tuite majirani tumalize. Kesho tutapika kitu ingine."

"Kitu gani? Wee papa," alisema, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao, "jogoo wengine nitatoa wapi na hii mvua? Na hata ningepata, hii imepikwa kwa jina la nani?"

"Kwa jina la watu wenye hawajafika."

"Watafika kesho."

"Mama, kuku haijui kesho."

Baba mdogo Khamala, aliyekuwa ameketi kochini amevaa koti lake la harusi, alicheka. Ni mtu mrefu, fundi wa viatu pale sokoni, na kicheko chake hukuambia wewe ni mtoto kabla hajafungua mdomo.

"Huyu naye amesomea wapi?" aliuliza. "Sisi tumekula chakula imelala tangu tuzaliwe. Unarudisha kwa moto, inachemka, unakula. Nani amekufa?"

"Wenye walikufa hawawezi kukujibu, anko."

Alisimama. Nami nikasimama. Mama aliingia katikati yetu na mwiko mkononi, na sikutaka kujua angeanza na nani.

Sikuwa nabahatisha. Mwaka uliotangulia, nikiwa kwa mjengo, tulipikiwa maharagwe yakabaki mengi, yakalala kwenye sufuria. Asubuhi yalichemshwa mpaka yakaruka, tukala, tukarudi kazini. Kabla ya jioni karibu sisi sote tulikuwa tumelala juu ya marundo ya kokoto, tunatapika kwa zamu. Fundi wetu Shivachi, mwanamume wa kubeba mifuko miwili ya simiti kwa mkupuo, alilazwa, na alipotoka suruali yake ilishikwa na kamba. Tulimwambia daktari wa kliniki kwamba maharagwe yalichemka vizuri. Akatujibu kwamba kuchemka ni sawa, moto unaua vidudu, lakini vipo vidudu ambavyo vikikaa kwenye chakula cha vuguvugu usiku kucha huacha sumu, na sumu hiyo moto hauiwezi. Chakula kikae moto kabisa au kiwe baridi kabisa, alisema. Hapo katikati ndipo vinapozaana.

Nilimweleza Mama hayo yote. Alinisikiliza, kwa sababu ni mama mzuri, kisha akaniambia, "Basi tutaiweka ikae moto." Akachukua blanketi, akaifunga sufuria ya kuku, akafunga na ya wali, akazisukuma chini ya kitanda.

Hilo lilikuwa kosa lenyewe, nalo lilifanywa kwa upendo. Blanketi halina moto wake. Huchukua chakula cha moto na kukiweka vuguvugu, saa baada ya saa, kama mtoto anayelazwa kwa starehe. Tungekuwa na barafu, au friji, lingekuwa jambo jingine. Ndungu mwenye duka pale getini ana friji kubwa, lakini bila stima friji ni kabati tu. Mwenyewe alikuwa anagawa maziwa yake kwa watu wayanywe kabla hayajaharibika. Nilimwonyesha Mama. "Ona Ndungu," nikasema. Akasema maziwa ya Ndungu hayajapikwa kwa jina la mtu.

Jumapili aliirudisha sufuria motoni. Ilichemka. Akaongeza nyanya, akaongeza dhania, na kuku akanukia kuliko jana. Watu hudhani chakula kibaya lazima kinuke. Kingekuwa kinanuka, nisingekuwa na kazi. Mama mwenyewe angekikataa.

Wageni walifika alasiri, matope mpaka magotini. Walikuwa watatu tu. Wengine walibaki kuokoa vyombo. Nashon alikuwa amembeba Dani mgongoni kutoka barabarani. Wa tatu alikuwa shangazi yake, Filister, mama mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki, na kweli huuza samaki.

"Tumesikia hii harufu tangu stejini!" alisema hata kabla ya kuketi. "Nyinyi Waluhya mnataka kutuua na kuku!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka.

Joan alikuwa amechemsha maji ya kunawa na kuweka sabuni, kwa sababu maji ya mafuriko yalikuwa yamepita vyooni kabla ya kupita miguuni mwa watu. Alimnawisha Dani mikono polepole, kidole kwa kidole. Nikaiona ile mikono. Mifupa na ngozi. Mama mzee aliyekuwa amelala sakafuni mwa kanisa na nguo mbichi, anakohoa, hajala kitu cha maana tangu maji yamfukuze. Shivachi mwenye nguvu zake alirudi nusu. Huyu angerudi nini?

"Mngemwacha apumzike," Mama alisema kwa huruma.

"Amekataa," Filister alijibu. "Amesema hawezi kubaki kwa kanisa na kijana wake anaoa. Na njaa nayo, yawa! Tumeweka nafasi. Mimi leo hata mkinipea mawe nitatafuna. Chakula ya wakwe haikataliwi."

Alikuwa anatania, lakini ndivyo ilivyo kwao. Basi nikaona tulivyobanwa. Sisi hatuwezi kumwaga. Wao hawawezi kukataa. Hata mmoja wao akihisi ladha imegeuka, atameza na kusifu. Heshima ya pande zote mbili ingekaa mezani, itazame, na Dani angekula.

Baba mdogo aliniinulia kidevu. Maana yake: kalete.

Nilivuka ua kwenda kwa Trizah. Joan alikuwa amenifuata kuchukua sahani. Nilimuuliza wazi, "Tufanye nini?"

"Usiniulize mimi, Kevo." Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amebishana na Mama asubuhi nzima, wakinong'onezana. "Nikisema peleka, nitamuua Dani. Nikisema mwaga, nimemvua Mama nguo mbele ya wakwe. Na Nashon hawezi kuoa mahali wamekataliwa. Unajua."

"Basi usiseme kitu. Nitasema mimi."

Nilishika sufuria ya kuku kwa vitambaa viwili, nikapita nayo nyuma ya nyumba hadi chooni. Sikumwaga mtaroni, kwa sababu mtaroni kuna mbwa, na kuna watoto wenye njaa kuliko mbwa. Nilimwaga ndani ya shimo la choo, kuku wote, mchuzi wote, firigisi zote mbili. Nikarudi nikachukua wali, nao nikaupeleka huko huko. Watoto wa ploti walinitazama kana kwamba nimemtupa mtu.

Niliingia sebuleni na sufuria tupu. Nikaiweka mezani.

"Kuku ililala," nikasema. "Imelala chini ya kitanda na hakuna friji. Nimeimwaga. Si kwa sababu hatuwataki. Ni kwa sababu tunawataka wazima."

Kisha Mama akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu tumzike Baba. Alijifunika uso kwa leso, akaingia chumba cha ndani.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" baba mdogo alinguruma. "Hiyo ndiyo tunajua! Wewe umetoa wapi mgeni njoo uone sufuria tupu?"

"Mwenyeji apone, sawa. Na mgeni je? Augue?"

"Toka nje!"

"Sitoki. Mnaogopa aibu. Mimi naogopa jeneza."

"Nimesema toka!"

Filister alikuwa amesimama. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni. "Ngojeni," alisema. "Tumelala chini kama magunia. Tumetembea na huyu mzee mgongoni. Tumekuja kwa heshima. Halafu kijana anaweka sufuria tupu mbele yetu, anatufundisha? Nashon, beba Dani. Twende."

"Waya, ngoja kidogo," Nashon alimsihi, kwa jina wanalowaita mashangazi zao.

"Ningoje nini? Umeona kitu hapa ya kungoja?"

Nashon alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na macho ya mtu aliyepoteza nyumba Jumamosi na anaona anapoteza mke Jumapili. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa sahihi, na kuwa sahihi hakukunisaidia chochote.

Ni Dani aliyesema. Hakusema hekima yoyote. Aligonga meza kwa kiganja na kusema, "Nyinyi, hayo maneno yenu yataiva saa ngapi? Mimi nina njaa."

Nashon aliangua kicheko kibaya, kile cha mtu asiyelala. Na Joan, aliyekuwa mlangoni na sahani tupu kifuani, akageuka kwenda kwa Trizah.

Alileta jiko la makaa akaliweka kizingitini, mbele ya macho yetu sote. Akaweka maji. Akaleta unga. Akaleta mayai aliyonunua kwa Ndungu, akayaosha, akayavunja moja moja kwenye bakuli, akiyanusa kila moja. Filister aliketi tena, nusu ya matako, kama mtu ambaye bado yuko njiani.

"Yaive kabisa," alimwambia Joan kwa ukali. "Yasiwe ya majimaji."

"Ndio, mama."

"Na hiyo sukuma umeosha na maji gani?"

"Ya kuchemsha."

"Mm."

Maji yalipochemka Joan alitia unga. Aliharakisha, unga ukaingia vibaya, mwiko ukawa unagonga madonge. Sote tulisikia. Pazia la chumba cha ndani likafunguka. Mama alitoka na macho yaliyovimba, hakumtazama mtu, akamnyang'anya Joan mwiko. Hata huzuni haikumruhusu wageni wale ugali wenye madonge. Aliusonga mpaka jasho likamtoka, akaugeuza kwenye sinia, ukakaa laini kama kichwa cha mtoto.

Walikula ukiwa moto, unachoma vidole. Dani alikula ugali na mayai, akaomba tena. Hakuna aliyezungumzia mahari. Walipomaliza, Filister alifuta mikono na kusema maneno yaliyomkata Joan.

"Tumeshiba, asanteni. Lakini kuku hatujala. Kwa hivyo hatujafika. Mtatuita tena."

Wakaondoka. Nashon alimbeba Dani, wakapotea kwenye matope.

Mambo yalisimama. Mvua ilikwisha, watu wa Kibera wakaanza kujenga upya pale waliporuhusiwa, na Nashon hakuwa na nafasi ya kufikiria harusi. Joan alilia usiku baada ya usiku, na alilia bila kunilaumu, jambo ambalo ni zito kuliko kulaumiwa. Mama alinipa chakula kila siku na maneno hakunipa. Baba mdogo alikataa kunisalimia kabisa. Nikipita sokoni mbele ya kibanda chake, aliinamia kiatu hata kama hakuwa na kiatu mkononi.

Wengi waliniuliza swali moja. Wewe unajuaje ile kuku ilikuwa mbaya? Una ushahidi gani? Nitajibu hapa mara moja. Sina. Hakuna aliyeila, kwa hiyo hakuna aliyeugua. Ushahidi wa aina wanayoitaka ungekuwa Dani kwenye kitanda cha hospitali na dripu mkononi. Mimi nafurahi kukosa ushahidi. Dani yuko hai, anakohoa na kutukana mafundi wanaomjengea chumba kipya. Anayetaka ushahidi mwingine aendelee kutafuta.

Mwezi wa nane Mama alikuja nilipokuwa nafua nguo, akasimama.

"Kesho twende sokoni," alisema. "Nataka jogoo. Unibebee."

Tulinunua jogoo mmoja, mkubwa, mkorofi, mwekundu. Alifungwa kwenye mguu wa meza na akawika mpaka Trizah akatishia kumchinja yeye mwenyewe. Siku ya wageni ilipofika, maji yalikuwa jikoni, kuni zimepangwa, vitunguu vimekatwa. Jogoo alikuwa bado anawika. Baba mdogo aliketi uani ananoa kisu, mgongo ukiwa upande wangu.

Simu ya Joan ililia, akaiweka kwa spika.

"Tumefika Riruta!" Ilikuwa sauti ya Filister, ikishindana na honi. "Anzeni! Leo sitaki kuona mayai!"

Baba mdogo aliinuka na kisu.

"Keti," Mama alimwambia.

"Si wamesema wako Riruta? Hapo ni karibu."

"Riruta si hapa kwangu. Mvua inaweza kunyesha kati ya Riruta na hapa."

Alikuwa anatazama mbingu safi isiyo na wingu. Baba mdogo alinung'unika, akaketi. Tukangoja. Maji yakachemka, Mama akaongeza mengine. Mwishowe geti likalia. Mama alitoka mwenyewe mpaka nje, akamshika Filister mkono, akamshika Nashon, akamshika na Dani, kana kwamba anahakikisha ni nyama na mifupa. Ndipo aliporudi uani na kumwashiria baba mdogo kwa kichwa: chinja.

Kuku wa kienyeji haivi haraka. Wageni wangekunywa chai, na tena chai, na Filister angelalamika kwa kila kikombe. Hilo tulilijua na hatukulijali.

Baba mdogo alimfungua jogoo kutoka mguu wa meza. Jogoo akapiga mabawa, akamrushia vumbi koti lake la harusi. Baba mdogo akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne.

"Unasimama tu?" alisema. "Shika miguu."

Nikashika.